Honi Yangu na King'ora cha Shemeji

Jumatatu, 29 Machi 1976

Nguzo imesimamishwa leo saa nne asubuhi, mbele ya kituo cha zimamoto. Ndefu kuliko mnara wa kanisa. Juu yake wameweka king'ora cha rangi ya manjano, kimekaa kama kofia ya mtu mwenye majivuno. Mji mzima ulitoka kutazama. Mji mzima ni watu mia nne na kumi na wawili, pamoja na mimi, na mimi sikutoka. Nilichungulia dirishani mwa duka langu la mbegu, nyuma ya magunia.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. (Mke wangu Leota anasema haoni sababu ya kulisoma.) Kwa miaka ishirini na miwili, king'ora cha mji huu wa Vlasta nimekuwa mimi. Mawingu yakigeuka kijani na kimbunga kikatishia kushusha mkia wake, ni mimi, Orval Teske, niliyeingia kwenye pikapu na kuzunguka mitaa yote sita nikipiga honi. Si honi ya kawaida. Honi ya lori la mizigo, niliyoifunga mwenyewe juu ya paa la gari. Watu wakiisikia waliacha kila kitu wakateremka mahandakini mwao, chini ya nyumba. Nimewaonya mara sitini na moja. Vimbunga vilivyofika kweli ni viwili, na kimoja kati ya hivyo kilichukua choo cha mkulima Vopat tu kikaenda zake. Kimbunga kisipotokea, lawama si zangu.

Leota alirudi na habari. Mama Irma Dostal, meya wetu, ambaye pia ndiye mwenye mgahawa, ametangaza kuwa king'ora kitajaribiwa Jumatano ijayo, tarehe saba, saa sita kamili mchana. Kisha akasema honi ya Orval sasa inaweza kupumzika. Watu wakapiga makofi. Nilimuuliza Leota walikipigia king'ora au walipigia kupumzika kwa honi. Akasema hakuuliza.

Na ufunguo amekabidhiwa nani? Milo Hruska. Kinyozi! Mdogo wake Leota, shemeji yangu, mtu ambaye akikunyoa unatoka kichwa kimeinama upande. Ameufunga ufunguo kwa uzi mwekundu na kuuning'iniza shingoni.

Nina mpango.

Jumanne, 30 Machi

Mpango wa kwanza. Nilikwenda mgahawani saa ya kahawa, nikaketi katikati ya wakulima, nikazungumza kama mtu asiye na haraka. Nikasema nimesoma mahali kwamba kuku wakisikia king'ora huacha kutaga. Wiki tatu, pengine nne. Ng'ombe nao maziwa hukatika.

Vikombe vikawekwa chini. Nikaona nimewapata.

Vopat akasema basi dawa ni kuwazoesha. Akapendekeza king'ora kijaribiwe mara mbili badala ya moja. Wote wakaafiki. Mama Irma akaliandika wazo hilo kwenye daftari la kuagizia chakula, akanishukuru mbele ya watu kwa kuwajali kuku.

Milo alikuwa kwenye kona, anakula mkate wa mdalasini. Akaugusa ufunguo wake, akanikonyeza.

Alhamisi, 1 Aprili

Mpango wa pili ulikuwa barua isiyo na jina. Niliiandika kwa mkono wa kushoto: kwamba nguzo ile inaharibu sura ya mji, kwamba kinyozi si mtu wa kuachiwa mitambo, kwamba hakuna chombo kinachoweza kushika nafasi ya binadamu mwenye uzoefu na pikapu. Nikatia sahihi: Raia Mwenye Wasiwasi. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi ya mji kabla jogoo hajawika.

Saa nne Mama Irma aliisoma kwa sauti mgahawani. Aliisoma vizuri, na vituo vyote. Halafu akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na bei za mbegu za msimu huu, na jina la duka langu, kubwa, kwa wino wa kijani.

Sitaandika walivyocheka.

Lakini sikilizeni jambo lilivyogeuka. Mama Irma alinifuata hadi nje. Ni mwanamke wa haki, hata kama kahawa yake ni maji ya vyombo. Akaniambia maneno haya, na nayanakili kama yalivyo:

"Orval, haya ndiyo masharti. Ikipatikana nyumba moja isiyosikia king'ora, honi yako itabaki kazini upande huo. Nyumba moja tu. Leota ndiye atakayekuwa shahidi, maana wewe sikuamini."

Nyumba moja! Nimeijua palepale. Nimetembea kurudi dukani kama kijana.

Jumamosi, 3 Aprili

Bibi Zdenka Kucera. Miaka themanini na minne. Nyumba yake ni ya mwisho kabisa mashariki, ng'ambo ya reli, nyuma ya ghala kubwa la mahindi linalozuia kila kitu, hata jua la jioni. Na masikio yake! Kanisani huimba wimbo tofauti na wetu, na huumaliza baada yetu.

Nilikwenda kumjulia hali. Nikamuuliza anasikiaje siku hizi. Akajibu kwamba viazi bado vipo, ila vimeanza kuchipua. Nilitaka kumkumbatia.

Lakini ilibidi nibaki kidogo, ili nionekane mtu wa wema. Akaona nimebaki. Nikapasua kuni. Nikasafisha madirisha. Nikasogeza jiko la chuma hadi ukuta wa pili, akalitazama, nikalirudisha lilipokuwa.

Nikiwa nimelikumbatia jiko, aliingia Milo na mkasi wake. Habari za masharti zilishamfikia. Alisema amekuja kumnyoa Bibi bure. Baada ya kumnyoa akapewa lango la kurekebisha. Basi tukafanya kazi mimi ndani yeye nje, hatusemezani, Bibi ameketi katikati, barazani, anatuelekeza kwa fimbo. Mwisho akatupa maandazi ya kolache yenye jamu ya plamu. Milo mawili. Mimi moja. Na lango lake bado linakwaruza chini.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimefikiri kitaalamu. Bibi hasikii vizuri, sawa, lakini king'ora nacho si filimbi. Lazima nyumba yenyewe isaidiwe.

Nilikwenda na mablanketi sita, misumari na nyundo. Nikamwambia Bibi nimekuja kumzibia madirisha asipatwe na baridi. Akasema ni Aprili. Nikasema Aprili ndiyo mbaya. Nikayaziba yote. Nyuma ya mlango nikaegemeza godoro la zamani. Chini ya mlango nikasokota gunia. Humo ndani mkawa giza totoro na joto la tanuri. Nilipiga kelele kutoka uani kwa nguvu zangu zote. Nikaingia kumuuliza kama amesikia kitu. Alikuwa amevua sweta na anajipepea kwa kitabu cha sala. Akaniuliza nilikuwa wapi.

Safi kabisa.

Leota aliuliza mablanketi ya nyumbani yamekwenda wapi. Nikamwambia yapo kwenye kazi ya huruma. Akanitazama kwa namna ninayoijua, akaenda kulala na koti.

Jumanne, 6 Aprili

Usaliti. Tena wa ndani ya nyumba.

Milo amempelekea Bibi Zdenka kifaa cha kusikilizia. Kile cha marehemu mama yao, yaani mama mkwe wangu, kisanduku kidogo cha kuning'iniza kifuani chenye waya wa kwenda sikioni. Kilikuwa kwenye droo yetu! Leota ndiye aliyempa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema kwa sababu Bibi hasikii. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu hasa ya mimi kumpenda Bibi. Akasema nijisikilize ninavyozungumza.

Nilikwenda jioni kumsalimu Bibi. Alikuwa amekivaa, ana furaha, anasikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu mume wake afe. Aliniomba ninyamaze ili aisikilize. Tulikaa gizani, kwenye joto lile, tunasikiliza saa.

Alipokivua ili akaoge, nilitoa betri.

Naandika hili bila kujivuna. Betri iko mfukoni mwangu. Ni ndogo, lakini nimeihisi mfukoni njia nzima. Kesho baada ya saa sita nitairudisha. Kwa ajili ya saa ya ukutani.

Jumatano, 7 Aprili

Sijui nianzie wapi. Sisikii ninachoandika. Najua kalamu haina sauti, lakini jana nilikuwa naisikia.

Saa tano na nusu tulikuwa jikoni kwa Bibi Zdenka: Bibi, Leota, mimi. Leota na karatasi na kalamu. Saa yake aliilinganisha na ya posta. Kule mjini watu wote walikusanyika chini ya nguzo. Mama Irma alikuwa amechoma soseji mia mbili kwa sherehe na kuzipanga kwenye meza ndefu barabarani. Milo alivaa tai. Haya niliyasikia kabla, wakati bado nasikia.

Saa sita kasoro dakika moja. Leota akanyanyua kidole. Saa sita kamili.

Kimya.

Saa sita na dakika moja. Kimya. Bibi Zdenka anamenya viazi. Mimi mwenyewe, mwenye masikio mazima, sisikii hata mlio wa mbu. Mablanketi yangu! Nilijua nimefanya kazi nzuri, lakini sikujua ni nzuri namna hiyo.

Leota alisema ningoje. Alisema inawezekana king'ora hakijalia kabisa, apige simu kwanza kituoni. Lakini mimi nilishatoka. Mtu aliyesubiri ushindi siku kumi hawezi kusubiri simu. Nikaruka kwenye pikapu, nikavuka reli, nikaingia mjini nikiwa nimeshindilia honi. Nilitaka kila mtu ajue. Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nalia kwa furaha.

Nilipofika barabara kuu hapakuwa na mtu.

Soseji mia mbili mezani, zinatoa moshi. Bendera. Kofia ya mtu chini. Mlango wa handaki la kanisa ulikuwa ndiyo kwanza unafungwa, na nikauona mkono wa Mama Irma ukivuta kamba kwa ndani. Ndipo nikaelewa. King'ora kilikuwa kimegoma. Milo alizungusha ufunguo, hakikutoa sauti. Wakiwa bado wanatazama juu, wakasikia honi yangu. Wakakimbia wote. Mbingu ni samawati, hakuna wingu hata la kufutia miwani, na mji mzima umejizika.

Niliita. Nikagonga milango ya mahandaki. Nikasema hakuna kimbunga, ni mimi tu, nimeshinda. Wakanijibu kutoka chini nijiokoe, nisipoteze muda.

Mbwa wa Milo akapanda mezani akaanza na soseji ya kwanza.

Nikaingia kituoni kutafuta paipu ya maji ya kumfukuzia mbwa. Nikauona ufunguo wa Milo, bado upo kwenye tundu lake ukutani, umeachwa umezungushwa, na ule uzi mwekundu unaning'inia. Na kando yake swichi kubwa ya umeme, imeshushwa. Milo aliishusha mwenyewe usiku ili mtu asichezee, akasahau. Kinyozi! Nilicheka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaipandisha, ili tu nione kama kweli ilikuwa ni hiyo.

Ilikuwa ni hiyo.

Siwezi kuueleza mlio ule. Haukuingia masikioni, ulianzia miguuni. Vikombe vilianguka rafuni. Niliurukia ufunguo nikauzungusha kwa nguvu, nao ukakatika, nusu mkononi mwangu, nusu ukutani. Nikapiga ukuta ngumi. Nikatoka nje nikaikumbatia nguzo, sijui kwa nini. Huko chini ya ardhi, nimeambiwa baadaye, watu walipiga magoti, na Vopat aliungama mambo ya miaka ya hamsini ambayo sasa mkewe anataka yafafanuliwe.

King'ora kililia dakika ishirini na tano. Halafu Leota akaingia, akiwa ameziba masikio kwa viazi viwili, akaishusha swichi kwa kiwiko.

Kuishusha swichi. Sikuwa nimefikiria kuishusha swichi.

Nyuma yake, polepole, na fimbo yake, alikuja Bibi Zdenka. Kaacha madirisha sita ya blanketi, godoro na gunia. Kifaa kifuani hakina betri. Alikuwa amekasirika sana. Leota aliniandikia alichosema: "Mwambieni aliyeanzisha kelele hizi azizime, nimejikata kidole."

Kisha Leota akafungua karatasi yake ya ushahidi, mbele yangu, akaandika: Amesikia.

Alhamisi, 8 Aprili

Nyuki kichwani. Leota anazungumza nami kwa vikaratasi. Cha asubuhi: Mama Irma anakuja, vaa suruali.

Mama Irma alikuja. Alizungumza dakika kumi na sikusikia neno, lakini nilielewa yote. Leota akanipa muhtasari kwenye karatasi moja. Kwanza, king'ora kimefaulu kuliko kilivyotarajiwa. Pili, soseji zote zimeliwa na mbwa na mbwa ni mgonjwa. Tatu, honi itolewe kwenye pikapu leo hii.

Milo ndiye aliyetumwa kuifungua. Alikuja bila tai, na kisanduku cha spana. Nilitoka nikasimama kando yake. Nilitegemea atakuwa na la kusema, na alikuwa na haki ya kulisema. Lakini alifungua bolti nne kimya, akaishika honi mikononi kama mtoto mchanga, akasema kitu. Nikamwonyesha sikio. Akasema tena. Nikatikisa kichwa. Mara ya tatu akalisogelea sikio langu la kulia akapiga kelele, na Leota anasema ilisikika hadi posta:

"Shemeji, nilikuwa nimeshika ufunguo mkononi! Jua linawaka! Nikasikia honi yako, sikuuliza kitu, nikakimbia!"

Akageuka mwekundu. Akaondoka na honi yangu kwapani.

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Blanketi zimerudi. Zinanuka viazi.

Jumapili ya Matawi, 11 Aprili

Masikio yamefunguka, la kulia zaidi. Nimesikia misa yote, na Bibi Zdenka akiimba wimbo wake peke yake hadi mwisho.

Nje ya kanisa nilimrudishia betri. Nilikuwa nimetunga hadithi ya namna nilivyoiokota. Hakunipa nafasi. Aliitia kwenye kifaa, akajaribu, akaniambia amefurahi kuwa sasa kuna king'ora, maana angalau kile anakisikia. Nikamuuliza, kwa utani tu, na honi yangu je, miaka yote ile?

"Honi gani, mwanangu?"

Nilimweleza. Akashangaa kweli. Alisema siku za upepo mbaya alikuwa akiona vumbi la gari likipita ng'ambo ya reli, akadhani ni mtu wa maziwa anakimbia mvua. Nikamuuliza sasa alijuaje kuingia handakini. Akasema mbona Leota alimpigia simu. Kila mara. Simu yake inatikisa meza nzima, hiyo anaihisi.

Nyumbani Leota alikuwa anakanda unga. Nilisimama mlangoni. Nikamuuliza kama ni kweli, na mara ngapi. Hakugeuka. Alisema mara sitini na moja, kabla sijamaliza kuvaa viatu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unarudi umefurahi," akasema.

Nilinawa mikono, nikamsaidia kukanda, jambo ambalo sijafanya tangu tuoane, na unga ukaharibika, na hakunifukuza. Mle mle jikoni nikamwahidi, mkono wa kulia juu ya unga, kwamba sitamwonya tena mtu yeyote kuhusu upepo. Upepo nauachia mji, Milo na umeme. Nimekuwa mtu mzima. Imetosha. Leota alifuta macho kwa aproni. Huenda ni unga.

Jioni nilitembea peke yangu hadi kwenye kijito, nyuma ya uwanja wa besiboli. Nilikuwa nimetulia, sina mpango wowote. Nikakaa kwenye jiwe. Nikakitazama kijito. Kuku wa Vopat alikuwa anavuka, maji hayajamfika magotini.

Lakini je, yakimfika?

Nimeuliza mji mzima jioni hii, kwa njia ya mzunguko. Hakuna anayeshughulikia mafuriko. Hakuna kamati, hakuna kengele, hakuna mtu. Miaka yote hii tumekuwa tukitazama juu tu.

Nimeahidi upepo. Maji sikuyataja.

Kesho alfajiri nakwenda kukipima kijito kwa fimbo. Leota asiambiwe kwanza. Na Milo hajui kuogelea.